Kumzoesha mtoto wa mbwa kubaki peke yake

Wengi wetu tunachukua mbwa kwa ajili ya ulinzi. Siku anayofika anafungwa mnyororo, kesho yake mwenye nyumba yuko kazini, na jioni anashangaa kwa nini majirani wamenuna. Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha, naishi peke yangu, na mbwa wangu Tomi anabaki nyumbani bila kupiga kelele. Alifundishwa, na sehemu kubwa ya mafunzo ilifanyika mimi nikiwepo.

Anza na umri. Usikubali kuuziwa wa wiki nne au tano, hata muuzaji akiapa kwamba tayari anakula ugali. Angalau afikishe wiki nane kwa mama yake. Usiku wa kwanza mlaze kwenye boksi pembeni ya kitanda chako. Huko si kumdekeza. Jana tu alikuwa amelala kwenye rundo la ndugu zake. Ukitaka alale bandani, boksi liwe linasogea taratibu: mlangoni, barazani, kisha nje.

Zoezi lenyewe ni hili. Mlishe, mtoe ajisaidie, mchezeshe mpaka achoke. Akianza kusinzia, toka, funga mlango, hesabu mpaka kumi, rudi. Usimshangilie ukiingia, endelea na shughuli zako. Baadaye iwe nusu dakika, dakika mbili, tano, robo saa. La muhimu ni kurudi kabla hajaanza kulia. Akilia, ujue umekwenda haraka mno: rudi, na safari ijayo punguza muda. Wapo watakaokwambia mwache alie, atachoka. Kuchoka atachoka, ila atabaki na hofu ya mlango kufungwa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayetafuna mbao za mlango na kuchimba chini ya geti.

Chunguza pia anachokitazama unapojiandaa kutoka. Kwa Tomi ulikuwa mkoba wangu wa mikasi na futi kamba. Nikiugusa tu, masikio yanasimama, ananitangulia mlangoni na kuanza kunung'unika. Nikawa nautundika begani halafu nakaa kuchambua mchicha. Navaa viatu, naosha vyombo. Natikisa funguo, siendi popote. Siku hizi nikiuchukua anafungua jicho moja, analifumba.

Ila mazoezi hayaongezi ukubwa wa kibofu. Wa miezi miwili au mitatu hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili tatu, kwa hiyo usimfungie kutwa nzima. Tafuta mtu. Mimi nilielewana na mama wa nyumba ya pili: mwanawe akitoka shule anamtoa Tomi na kumpa chakula, nami nawashonea sare.

Unapoondoka acha maji kwenye bakuli zito asilolipindua, na uhakikishe kivuli cha asubuhi bado kipo saa nane mchana. Dagaa wakavu wasio na chumvi uliowaficha ndani ya boksi la viatu watampa kazi ya kutafuta. Cha kutafuna, mimi nampa kipande cha jinzi kuukuu niliyoivaa, nimekifunga mafundo makubwa; harufu yangu imo. Kikianza kufumuka nakitupa, maana uzi ukimezwa unaweza kukunja utumbo. Gunzi la mahindi usimpe kabisa, linakwama tumboni. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Mnyororo siupendi, hasa pasipo na mtu: anajizungusha, unajifunga, anaweza kunyongeka. Kona iliyozungushiwa mbao au wavu inatosha, na inamtenga na mbwa wa mtaani kabla hajamaliza chanjo. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi mitatu.

Ukirudi ukakuta ameharibu kitu, usimpige. Hawezi kuunganisha fimbo na kiatu alichotafuna saa nne asubuhi. Anachojifunza ni kuogopa unaporudi. Pandisha viatu juu, kesho toka kwa muda mfupi zaidi. Na kama kila ukitoka anadondosha mate, hagusi chakula au anajiumiza makucha kwa kukwangua, mpeleke kwa daktari wa mifugo, umweleze huwa anafanya nini na baada ya muda gani.