Kujiandaa na mtihani wa Kiingereza wa Duolingo ukiwa nyumbani Pemba

Mpwa wangu alimaliza Kidato cha Sita na alama nzuri, akaomba chuo Marekani, akajibiwa kwa mstari mmoja: alete uthibitisho wa Kiingereza. Mimi nasomesha Kiingereza hapa Wete, na kila mwaka vijana wa namna hii hunijia na karatasi mkononi. Zamani jawabu langu lilikuwa ni mitihani ya Kiingereza ya IELTS au TOEFL tu, ada inayovuka dola 200, na juu yake kuvuka bahari hadi Dar es Salaam kwa nauli na malazi. Wengi waliishia hapo hapo. Siku hizi kuna mtihani wa Duolingo: unaufanya nyumbani kwa kompyuta, ada yake haifiki dola 100, unachukua kama saa moja, na matokeo hutoka ndani ya siku mbili. Naandika kwa sababu nimeona watoto wenye Kiingereza safi wakikwama kwa mambo ambayo si Kiingereza, na huyu wa kwangu alikuwa mmoja wao.

Watu wakisikia Duolingo hufikiria ile programu ya simu yenye bundi wa kijani. Kampuni ni hiyo hiyo, iko Pittsburgh, lakini mtihani ni kitu mbali, unalipiwa na unasimamiwa. Vyuo vilianza kuupokea kwa wingi mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya korona. Alama zake zinaanzia 10 hadi 160, na matokeo yanatumika kwa miaka miwili. Hakuna alama moja ya kufaulu; kila chuo kina kiwango chake. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, fungua ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, uone kama wanaupokea na wanataka ngapi. Usiende kwa maneno ya barazani. Anayetaka Uingereza awe makini zaidi, maana uhamiaji wa kule wana orodha yao ya mitihani ya viza. Mwandikie chuo barua pepe, upate jibu la maandishi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mtihani huu unakupima huku unakufuata. Ukijibu vizuri, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosea, linalegea. Mpwa wangu alipofanya jaribio la bure lililo kwenye tovuti yao, alitoka chumbani uso umemshuka. “Mjomba, mwishoni yalikuwa magumu mno.” Nikamwambia hiyo ndiyo dalili njema, yangekuwa mepesi ndipo tungeshughulika. Kila mwanafunzi wangu namwambia hivi mapema, kwa sababu anayedhani anaanguka huanza kujibu kwa pupa.

Maswali ni ya aina nyingi na mafupi. Yapo ya kuamua kama neno ni la kweli au la kubuni, ya kusoma, ya kusikiliza mazungumzo, ya kuandika na ya kusema. Sitayaeleza yote, jaribio la bure litakuonyesha. Nitakaa kwenye yale yanayotuponza sisi wenye Kiswahili.

Kuna kifungu ambacho baadhi ya maneno yake yamekatwa nusu, nawe unajaza herufi zilizobaki. Unapewa dakika tatu. Wanafunzi wangu hawakwami kwenye maneno makubwa, hukwama kwenye vijineno. Kiswahili hakina “the” wala “a”, kwa hiyo mtoto akiona t na visanduku viwili anahangaika kutafuta neno zito, kumbe jibu ni “the”. Soma kifungu chote kwanza, jaza vidogo, kisha rudi kwenye vikubwa. Zoezi lake halina gharama: chukua aya ya gazeti la Kiingereza, funika kwa kalamu nusu ya kila neno la pili, iweke, kisha uijaze kesho yake.

Kuna na imla. Unasikia sentensi, unaweza kuirudia mpaka mara tatu, unaandika ndani ya dakika moja. Hapa masikio yetu yana mazoea yao, neno la Kiswahili huishia na irabu, basi “walked” linaingia sikioni kama “walk”, na “boats” linakuwa “boat”. Mara ya kwanza sikiliza maana, ya pili sikiliza mikia ya maneno. Mpwa wangu nilimsomea sentensi kumi kila baada ya Magharibi, akawa anapigia mstari mikia tu.

Swali la picha ndilo nililolifanyia kazi zaidi. Picha inatokea, una dakika moja ya kuandika. Mtoto wetu huandika “This is a man. He is sitting. It is good” na muda unamwishia. Nilikuwa nikimwonyesha picha za kwetu, kwa sababu hapo hana kisingizio cha kutojua alichokiona. Siku moja ilikuwa picha ya mwanamke anaanika karafuu kwenye jamvi mbele ya nyumba. Nikamtaka aseme nani, anafanya nini, wapi, halafu abashiri kitu kimoja kisichoonekana na atoe sababu. Mara ya kwanza aliandika mama anaanika karafuu, basi. Mara ya nne aliandika kwamba karafuu za upande mmoja zimeshakuwa kahawia na za upande wa pili bado zina wekundu, kwa hiyo pengine zimechumwa siku mbili tofauti, na mama anatazama juu, labda anahofia mvua. Sentensi tatu, na ndani yake mna “because”, “probably” na nyakati mbili za kitenzi. Picha ya mtihani haitakuwa ya karafuu, lakini jicho la kutazama ni lile lile.

Kwenye baadhi ya maswali ya kusema, unapewa sekunde 20 za kufikiri, kisha useme kuanzia sekunde 30 hadi 90. Usikae kimya. Ukikosea, jisahihishe na uendelee. Wala usikariri majibu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Mwishoni kuna insha fupi na maelezo ya mdomo ambayo vyuo huviona pamoja na alama, video yako ikiwemo. Watakuona wewe, kwa hiyo sema ya kwako.

Sasa lile lililotuangusha. Mara ya kwanza mpwa wangu alijibu vizuri, tukangoja, ukaja ujumbe kwamba matokeo hayakuthibitishwa: macho yake yalitoka nje ya kioo. Hakuwa akinakili chochote. Alikuwa akifikiri. Sisi tumewalea watoto wetu kuinamisha macho wanapoulizwa na mkubwa, na mtoto mwenye adabu akitafuta neno hutazama sakafuni. Kamera hailijui hilo. Kosa lilikuwa langu, nilimfundisha sarufi nikasahau macho. Tulichukua wiki nzima kurekebisha. Nilibandika kipande cha karatasi nyekundu chini ya kamera, nikakaa upande wa pili wa meza nikimuuliza maswali, na kila macho yakishuka nagonga meza kwa kidole. Siku ya kwanza niligonga hadi kidole kikauma. Siku ya saba niligonga mara mbili. Anayejiandaa bila mwalimu ajirekodi kwa simu, kisha ajitazame bila sauti.

Kanuni nyingine za chumba ni hizi: uwe peke yako, mlango umefungwa, bila karatasi, kalamu wala vidude vya masikioni, na masikio yaonekane. Anayevaa mtandio asome kwanza sehemu ya kanuni inayohusu kufunika kichwa, siku nyingi kabla ya mtihani. Kitambulisho kilicho salama zaidi ni pasi ya kusafiria, na jina ulilojisajilia lilingane nalo herufi kwa herufi. Ada hulipwa kwa kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Kama huna, muombe jamaa unayemuamini.

Andaa na simu, siku hizi hutumika kama kamera ya pili ya kuangalia meza na mikono. Simu hiyo isiwe ndiyo inayokugawia bando, tafuta nyingine. Intaneti isiwe chini ya megabiti 2 kwa sekunde. Ipime katika chumba kile kile na saa ile ile utakayofanya. Umeme wetu wa Pemba unatoka Tanga chini ya bahari, nao ukikatika mtihani hausubiri. Angalia Tukuza, ile mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti, na laptopu iwe imejaa chaji na betri yake imeshajaribiwa saa nzima bila waya.

Saa nayo ichague. Mara ya pili tulichagua saa nne asubuhi, watoto wakiwa skuli na adhana ya Adhuhuri bado iko mbali. Dada yangu alikaa kwenye baraza la mbele kuzuia wageni, kuku nikawafungia bandani, na kila jirani wa ukuta mmoja nasi nilimpitia usiku wake kumuomba redio izimwe kwa saa moja. Hakuna aliyekataa.

Matokeo yalikuja siku ya pili jioni, yamethibitishwa, na alama ilivuka kiwango cha chuo. Kutuma hakuongezi ada: unaingia kwenye akaunti yako, unachagua majina ya vyuo, unabonyeza. Alivitumia vyuo vitatu usiku ule ule, na kile cha kwanza alikiandika jina lake kwa sauti, herufi moja moja, mama yake akimsimamia nyuma.