Kabla hujafunga chambo, angalia maji kwanza

Sie wa Malindi macho yetu yako baharini, ukitaja Mto Sabaki mtu anakwambia mamba basi. Lakini mtoni kuna samaki na kila mmoja ana jiko lake. Mimi kiangazi kimoja nilimaliza Jumamosi nzima na kopo langu la nyungunyungu, ningu nawaona kabisa wanajipindua pale kwenye mawe na hakuna hata mmoja aliyegusa ndoana. Kosa ni langu, sikuangalia maji.

Anza hivi, tupa jani kavu. Likikimbia huo ni mkondo, likizunguka zunguka hilo dimbwi. Penye mkondo na mawe na jua linafika chini, shika jiwe la ukingoni, likiteleza ujue ule ute wa kijani ndio chakula cha ningu, mdomo wake uko kwa chini na midomo minene, kazi yake kukwangua. Sasa ligeuze hilo jiwe, utaona vidudu vimeganda kwa chini, watoto wa kereng'ende na wenzao, hao wanatafutwa na samaki aitwaye kuyu, anajibanza nyuma ya jiwe maji yamletee.

Kwenye dimbwi mambo mengine, kuna tope na majani yaliyooza, hapo perege wakubwa wanajichagulia, na kambare naye hachagui, chochote twende.

Lakini masika yakianza usitegemee ramani ya kiangazi. Udongo wa bara ukishuka, Sabaki inakuwa rangi ya chai ya maziwa, mwanga haupiti, mchanga unafunika mawe, ute haukui, kwa hiyo anayekwangua anabanwa na kambare anashangilia maana yeye anatafuta kwa masharubu, macho ya nini.

Huamini? Nunua samaki mzima, mwambie muuzaji asimtoe matumbo, umpasue mwenyewe. Perege ana utumbo mwembamba mrefuuu umejisokota, maana majani yanachelewa kusagika, wa kambare ni mfupi na ana tumbo la maana. Niliwahi kumpasua mmoja nikakuta kaa mdogo na kuyu za mti zilizodondoka ukingoni, nikajua alikuwa amekaa chini ya mkuyu.

Ila usiingie majini, na jioni ondoka ukingoni, mamba na viboko hawana utani. Na ningu nilimpata mwishowe kwa donge la ugali lililozama mpaka chini.