Kuunganisha kifaa cha HDMI kwenye TV ya chogo

TV ya chogo inayoonyesha vizuri haistahili kutupwa eti kwa sababu boksi la Android au king'amuzi ulichonunua kina HDMI. Ila ujue mapema kwamba HDMI hutoa picha ya dijitali, na TV yako inapokea analojia. Lazima katikati kiwepo kifaa cha kuigeuza, yaani konveta. Zile nyaya za bei chee zenye kichwa cha HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili, bila kiboksi chochote, nyingi hazina kitu ndani. Utachomeka, zitaingia vizuri, na hutaona picha.

Hatua ya 1: Angalia TV ina matundu gani

Igeuze uone mgongoni, kisha kagua na mbele, maana nyingine huficha matundu chini ya kifuniko kidogo. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. TV nyingi ndogo zina njano na nyeupe tu. Hapo pini nyekundu iache ining'inie. Soma maandishi pia: tunataka AV IN, yaani tundu la kuingizia picha na sauti. Ukichomeka AV OUT utahangaika bure. Ukikuta kijani, buluu na nyekundu, hayo ni matundu ya picha ya aina nyingine, usiyachanganye na yale matatu.

Kama kuna tundu la antena peke yake, tafuta moduleta ya RF, kiboksi kinachogeuza picha na sauti za AV ziingie kupitia tundu la antena. Au, kama nyumbani kuna deki ya zamani ya kanda za VHS, usiiuze kama chuma chakavu. Ingiza AV kwenye deki, toa waya wa antena kutoka kwenye deki hadi TV, kisha tafuta chaneli ya deki. Utaratibu ni uleule tuliotazamia kanda.

Mfuniko wa TV usifungue kwa sababu yoyote ile. Kioo cha chogo hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa.

Hatua ya 2: Kagua kifaa kabla ya kununua chochote

Ving'amuzi vingi na baadhi ya maboksi vina tundu dogo la duara, kama la hedifoni, lililoandikwa AV. Ukiliona, huna haja ya konveta. Tatizo ni kwamba nyaya zake hufanana kwa sura lakini hazijasukwa kwa mpangilio mmoja. Ukisikia mngurumo na picha haipo, jaribu pini nyekundu kwenye tundu la njano. Ikikataa, omba dukani waya wa kifaa chako hasa.

Hatua ya 3: Nunua konveta sahihi

Unayoitaka imeandikwa HDMI2AV. Ina pacha wake, AV2HDMI, mwenye umbo lilelile na rangi ileile, ila anafanya kazi kinyume, na wauzaji wengi huwachanganya. Hakikisha upande wa HDMI pameandikwa INPUT. Konveta inahitaji umeme wa volti 5; mimi napendelea kuipa chaja ya simu kuliko USB ya king'amuzi, ambayo nyingine ni dhaifu na picha hukatika.

Hatua ya 4: Chomeka

Zima kila kitu. HDMI toka kifaa hadi konveta, pini za rangi toka konveta hadi TV, halafu chaja. Washa, bonyeza AV au VIDEO kwenye rimoti. Rimoti imepotea? TV nyingi hufika AV ukishuka hadi chaneli 0.

Hatua ya 5: Rekebisha picha

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mara nyingi dawa ni swichi ndogo ubavuni mwa konveta: PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV za analojia. TV nyingi za chogo za Afrika Mashariki ni za PAL, mistari 625 na mizunguko 50 kwa sekunde. NTSC ni 525 na 60. Picha ikikosa rangi, au ikipanda kama inayokimbia juu, sukuma swichi hiyo.

Giza kabisa? Huenda kifaa kinatoa 4K, picha kali mno, na konveta hizi kwa kawaida huishia 1080p, iliyo chini yake. Kiunganishe kwanza kwenye TV ya flati ya jirani, weka 720p, kisha kirudishe. Picha ipo lakini sauti hakuna: ingia mipangilio ya sauti, chagua PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa. Na ikiwa YouTube inacheza ila programu ya filamu za kulipia inagoma, ni kinga ya kuzuia kunakili, hujaharibu kitu.

Watu wakionekana warefu na wembamba, badilisha umbo la picha kwenye kifaa liwe 4:3. Kingo zikikatwa, punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio. Maandishi madogo ya kompyuta hayatasomeka hata ufanyeje, kwa kuwa katika ile mistari 625 ni 576 tu inayobeba picha. Kuza herufi mara mbili, au TV hiyo itumie kwa filamu na mpira, kazi za ofisi zibaki kwenye kioo cha kompyuta.