Jinsi ya Kuisoma Katiba Ili Kujua Bunge Linaweza Nini na Linazuiwa Wapi

Katika mikutano ya hadhara ya Mtwara na Lindi, kuanzia Tandahimba hadi Kilwa, wabunge huulizwa maswali yanayofanana: kwa nini bei ya korosho imeshuka mnadani, gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo inawanufaishaje wenyeji, na barabara itakamilika lini. Maswali hayo ni ya haki, lakini mengi huelekezwa kwa mtu ambaye Katiba haikumpa uwezo wa kuyamaliza peke yake, na yeye naye si kawaida yake kusema hivyo jukwaani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ili mwananchi ajue kabla ya kusimama na kuuliza iwapo jambo analolidai limo katika mamlaka ya Bunge, liko nje yake, au limo kwa masharti.

Tafuta nakala ya Kiswahili iliyojumuisha marekebisho, kisha fungua Sura ya Tatu na usome ibara za 62, 63 na 64 kwa pamoja. Ibara ya 62 inasema kwamba Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge, na hilo huwashangaza wengi, kwa kuwa maana yake ni kwamba muswada uliopitishwa Dodoma haujawa sheria mpaka Rais aukubali. Ibara ya 63 inawapa wabunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi: kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Ibara ya 64 inaweka mipaka miwili mikubwa. Mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano ni ya Baraza la Wawakilishi, na sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kadiri inavyoikiuka.

Muundo wa Bunge, ulio katika ibara ya 66, unaweza kuupitia haraka. Wamo wabunge wa majimbo, wabunge wanawake wa viti maalumu, watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais. Akidi ya kikao, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwapo, kwa ibara ya 94, ni nusu ya wabunge wote.

Ibara ninayoshauri isomwe polepole zaidi kuliko zote ni ya 99, inayohusu fedha, kwa sababu hapo ndipo matarajio ya wapiga kura na maandishi ya Katiba yanapoachana. Ibara hiyo inalizuia Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kutoza kodi, au kubadilisha kodi kwa namna isiyokuwa ya kuipunguza, au kuagiza fedha zitolewe katika Mfuko Mkuu wa Hazina, ambamo mapato ya Serikali huwekwa, isipokuwa Rais awe amependekeza jambo hilo lishughulikiwe na pendekezo hilo liwe limewasilishwa na waziri. Kwa hiyo mbunge anaweza kuomba, kuhoji, kushawishi na hata kupiga kura ya kukataa, lakini hawezi kupeleka hoja yake mwenyewe inayoamuru fedha za Hazina zijenge barabara ya jimboni kwake. Anayeahidi barabara kana kwamba atailipia yeye, ama hajaisoma ibara ya 99, ama anatumaini kwamba wewe hujaisoma.

Mfano ulio karibu nasi ni ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ya nchi. Awali Sheria ya Korosho ilielekeza asilimia 65 ya ushuru huo iende katika kuendeleza tasnia ya korosho. Mwaka 2018 Serikali ilileta marekebisho ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha ili fedha zote ziingie katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa sauti kubwa, ila kura za wengi ziliyapitisha marekebisho hayo. Tazama hali aliyobaki nayo mbunge wa kusini wakati huo: kuzitoa tena fedha hizo katika Mfuko Mkuu lilikuwa jambo lililohitaji mkono wa Serikali kwanza. Ukitaka kuelewa kwa nini wabunge husita kuikataa bajeti nzima, soma pia ibara ya 90, kwa sababu kukataa kupitisha bajeti ya Serikali ni mojawapo ya hali chache zinazomruhusu Rais kulivunja Bunge kabla ya muda wake.

Baada ya fedha, nenda ibara ya 97. Rais akikataa muswada, anaurudisha pamoja na maelezo ya sababu, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, ila ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukifika kwake kwa njia hiyo, atausaini ndani ya siku 21, ama sivyo itambidi alivunje Bunge. Kubadilisha Katiba yenyewe, kwa ibara ya 98, kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Na kwa mambo mazito, kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, theluthi mbili hutafutwa kwa wabunge wa Tanzania Bara peke yao na kwa wa Zanzibar peke yao.

Kinyume chake, zipo nafasi ambamo Bunge ndilo lenye kauli. Rais humteua Waziri Mkuu, lakini uteuzi huo haukamiliki mpaka wabunge wauthibitishe kwa kura, kama walivyofanya mwaka 2015 kwa Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wa Ruangwa. Ibara ya 53A inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na ya 46A inaruhusu kumshtaki Rais mwenyewe, ingawa masharti ya hiyo ya pili ni magumu.

Usiifunge Katiba kabla ya kusoma ibara za 67 na 71. Mgombea ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho, na mbunge akiacha kuwa mwanachama hupoteza kiti. Kwa maoni yangu, huu ndio mpaka unaombana mbunge zaidi kila siku, kuliko kura yoyote ya theluthi mbili. Mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila aliupinga mahakamani kwa miaka mingi: Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2010 kwamba suala la mgombea binafsi ni la Bunge kuliamua, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Ukishazisoma ibara hizo, andika dai lako upya. Badala ya kumwambia mbunge alete fedha, mtake aulize swali bungeni kwa waziri anayehusika, atake maelezo ya fungu husika la bajeti wizara inapojadiliwa, au apinge kifungu fulani cha muswada, na umtajie ibara inayompa uwezo huo. Muswada ukiwa mbele ya kamati, peleka maoni ya maandishi, kwa sababu ni rahisi zaidi kubadilisha kifungu katika kamati kuliko baada ya muswada kusomwa mara ya pili, yaani kujadiliwa na Bunge zima. Sheria iliyokwisha kupita ikiwa inavunja haki za msingi, ibara ya 30 inafungua mlango wa Mahakama Kuu. Ila marekebisho ya mwaka 2020 yaliweka sharti kwamba anayefungua shauri la namna hiyo aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kuhusu mambo ya bajeti, barua yako imfikie mbunge kabla ya Aprili, mkutano wa bajeti unapoanza, maana Juni ikifika mafungu mengi ya wizara huwa yamekwisha kupitishwa.