Somo: Kuchagua pikipiki ya kwanza kwa anayeanza kuendesha

Wengi wanaotafuta pikipiki ya kwanza huuliza kwanza inakimbia kiasi gani. Swali hilo liache kwa sasa. Pikipiki humshinda mwanafunzi inapokwenda polepole: akigeuza mahali pembamba, akiondoka kwenye mlima, akiachia klachi huku watu wanamtazama, akiisukuma kuiegesha. Tafuta pikipiki unayoimudu ikiwa imesimama au inatambaa. Kasi utaizoea baadaye.

Hatua ya 1: Jua itakupeleka wapi

Foleni za mjini, barabara kuu au njia za vumbi? Jibu kwa safari za kila siku, si kwa ile safari moja ya mbali unayoiota. Ukiwa hujui bado, chukua pikipiki ya kawaida, ile unayokaa wima, usukani uko karibu na vikanyagio viko chini yako. Zile za kuinamia tangi zinachosha viganja, na usukani wake haukati kona vizuri kwenye nafasi ndogo.

Hatua ya 2: Ikalie, kisha isukume

Vaa viatu utakavyoendeshea. Panda, kunja stendi, isimamishe wima. Nyayo zote mbili zikitua chini, au angalau sehemu ya mbele ya kila mguu ikakaa imara, uko salama. Ukigusa kwa ncha za vidole tu, siku utakayosimama kwenye changarawe au palipobonyea itakulalia.

Kimo cha kiti huandikwa kwa milimita. Honda Rebel 300 ni 690. Honda CRF300L, iliyotengenezwa kwa njia mbovu, ni 880. Tofauti ya sentimita 19 ni kubwa sana kwa mguu wa mtu. Hata hivyo usiamue kwa namba peke yake. Kiti kipana hutanua mapaja na kukupunguzia urefu, na shokapu laini hushuka ukishakaa. Ndiyo maana nasisitiza ukae mwenyewe, usinunue kwa picha.

Halafu shuka, shika usukani, isukume mbele, irudishe nyuma, izungushe nusu duara kila upande. Mwombe mwenzako asimame upande wa pili, uilaze kidogo kidogo mpaka uhisi inaanza kukulemea. Hapa kuna jambo ambalo karatasi ya maelezo haikwambii: pikipiki mbili zenye kilo sawa huweza kuwa tofauti kabisa mkononi, kwa sababu uzito uliokaa juu hulemea mapema kuliko uzito uliokaa chini. Ukiona kuisukuma tu kunakutoa jasho dukani, kwenye sakafu tambarare, achana nayo.

Hatua ya 3: Injini

Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc. Pikipiki ya cc 125 hutoa nguvu za farasi kama 10 hadi 15. Ya cc 600 ya mtindo wa mashindano hupita 100. Yaani cc zimeongezeka karibu mara tano tu, nguvu zimeruka mara saba au zaidi. Mkono wa mafuta ukishtuka kidogo kwenye shimo la barabarani, hiyo ya pili inakuwa imeshaondoka.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina ngazi za leseni: A1 huishia cc 125 na kilowati 11, A2 huishia kilowati 35, ambazo ni nguvu za farasi kama 47. Hata kama unakoishi hakuna sheria ya namna hiyo, ngazi hizo ni mwongozo mzuri. Kwa maoni yangu, cc 125 hadi 250 zenye silinda moja zinawatosha wengi. Injini hizo huvuta vizuri hata zikizunguka polepole, kwa hiyo ukiachia klachi vibaya zinakuvumilia. Mwenye mwili mkubwa, au anayepita barabara kuu kila siku, anaweza kufika 300 au 400.

Hatua ya 4: Breki

Hapa usibane pesa. Ukifunga breki, uzito huhamia gurudumu la mbele, na ndilo linalofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Mwanafunzi akishtuka hukamata breki ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu likigoma kuzunguka na kuanza kuteleza, unaanguka kabla hujafikiri. Mfumo wa ABS huachia na kukamata haraka sana ili gurudumu lisigome. Ulaya waliufanya wa lazima kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 kuanzia 2017. Ndogo zaidi mara nyingi huwa na breki zilizounganishwa, ambazo ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo. Kati ya pikipiki nzuri isiyo na ABS na ya kawaida yenye ABS, mimi ningemshauri anayeanza achukue ya pili.

Hatua ya 5: Spea

Muulize fundi, si muuzaji. Modeli ambayo fundi wa karibu anaijua na spea zake hazihitaji kuagizwa ni bora kuliko modeli adimu.

Hatua ya 6: Kama ni ya mtumba

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini: ikiwa ya moto, huenda unafichwa jinsi inavyosumbua kuwaka ikiwa baridi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Tazama ncha za vishikio vya klachi na breki, vikanyagio na ekzosi. Mikwaruzo ya upande mmoja inaonyesha ilianguka. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Ukikwama katikati, beringi zake zimekwisha. Futa shokapu za mbele kwa kidole uone kama zinavuja. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwisho, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za kwenye kadi. Zikitofautiana, ondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi ni mfupi na pikipiki ninayoipenda inanizidi kimo. Nipunguze kiti?

Jibu: Dada, kuchonga sponji ya kiti ni sawa, ilimradi usikae juu ya bati. Kushusha shokapu ni jambo jingine, maana hubadilisha jinsi inavyokata kona na hata stendi huwa ndefu kupita kiasi. Kabla ya hayo, jaribu nyingine tatu au nne. Huenda ukapata inayokufaa bila kuigusa.

Swali: Kaka yangu anasema ninunue kubwa moja kwa moja ili nisinunue mara mbili.

Jibu: Mweleze kaka kwa heshima kwamba pikipiki ndogo iliyotunzwa huuzika upesi, kwa sababu wanaoanza wapo kila siku. Na mwenye kujifunza juu ya ndogo hujifunza haraka, kwa kuwa haogopi kuitumia.

Swali: Klachi inanitisha. Naweza kuanza na skuta?

Jibu: Unaweza, wala si aibu. Kuna pia za katikati kama Honda Super Cub, inayotengenezwa tangu 1958: una gia za mguuni lakini hakuna kishikio cha klachi. Ila angalia sheria ya kwenu. Baadhi ya nchi, ukifanya mtihani kwa isiyo na klachi, leseni inakubana kwenye aina hiyo.

Swali: Nimepata kofia ngumu ya mtumba, inang'aa. Nichukue?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Povu la ndani likishabonyea kwa ajali halirudi, na kwa nje huoni kitu. Tenga pesa ya kofia mpya yenye alama ya usalama ya ECE au DOT kabla hujapanga bei ya pikipiki. Ivae dakika kama 20 dukani, uitingishe kichwani. Ikizunguka peke yake huku mashavu hayajabanwa, chukua saizi ndogo zaidi.