Pasi ya treni Ulaya: hesabu siku, si miji
Ukitoka Kisumu, nunua Eurail, pasi ya wasioishi Ulaya. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Pasi ya siku 4 ndani ya mwezi 1 huhesabu siku unazopanda treni, saa sita usiku hadi saa sita usiku. Basi panga miji kwa mstari mmoja, kama Nakuru, Kericho, Kisumu, bila kurudi nyuma. Vipande vifupi vya safari, vya bei nafuu, vilipie kando. Treni ya usiku hula siku 1 tu, ile ya kuondoka, mradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku. Kinachonasa wengi ni kiti: treni za kasi kama TGV ya Ufaransa na Eurostar hudai ulipie kiti juu ya pasi, na viti vya wenye pasi huisha mapema. Ujerumani na Uswisi, treni nyingi unapanda tu.