Maji ya nyuki mjini wakati wa kiangazi

Nyuki wanaojazana bombani kiangazi wanatafuta maji tu, hawana ugomvi na mtu. Wawekee yao. Chukua sahani pana ya udongo yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, ijaze kokoto, kisha mimina maji yasizifunike. Nyuki hunywa akiwa amesimama pakavu; kwenye ndoo huteleza na kuzama. Iweke kivulini, mbali na mlango, pasipopuliziwa dawa, karibu na mrehani au kivumbasi ulioachwa utoe maua. Isugue na ubadilishe maji kila baada ya siku 2, mbu wasizaliane. Sukari usitie kabisa: huvuta sisimizi na kuwagombanisha nyuki wa mizinga tofauti. Na isikauke, maana watarudi bombani.